Hajavunja Kitu

Minneapolis,
9 Novemba 1993

Kwako Dokta Tveit,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Bernadine hamjambo, na kwamba ile hita ya kliniki imeshatengenezwa, maana baridi iliyopita wagonjwa walikuwa wanasoma herufi ukutani wakiwa na makoti.

Mimi sijambo, ila nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua kwamba shule ya optometria imenikataa mara mbili. Mara ya kwanza nikasema haki yao, kemia ya kaboni nilipata alama ya aibu. Nikahama Tolvik, nikaja huku mjini, mchana natengeneza sandwichi za watu, jioni nasoma. Kemia nikairudia, nikapata alama ya juu. Mtihani wa kuingilia nikaurudia, nikapanda. Wakanikataa tena! Sasa nimepeleka maombi ya tatu, na safari hii nimeona nisikae kimya kama kondoo. Nikampigia simu mama wa ofisi ya udahili. Nikamwuliza, "Mama, hivi hasa mnataka nini?"

Akanitajia kwa upole: alama, mtihani, insha, saa za kukaa na daktari ukimtazama anavyofanya kazi, barua ya daktari wa macho ambaye si ndugu yako, na mwisho usaili. Akasema insha niibadilishe. Eti kila mwombaji anaandika kwamba siku ya kwanza alipovaa miwani aliona majani ya mti, moja moja. "Tuna msitu mzima hapa ofisini," akasema. Nami niliandika majani, mara zote mbili. Nimeyafuta.

Nikamwambia hayo mengine yote ninayo. Saa za kumtazama daktari ninazo hadi za kugawia watu, nimefanya kazi kwako miaka minne. Halafu akasema, "Binti, siruhusiwi kusema zaidi. Ila ningekuwa wewe, ningeongea na huyo daktari wako."

Dokta, najua nilisaini kwamba sitaisoma barua uliyoniandikia. Siombi nakala. Naomba tu unihakikishie kwamba ilikuwa nzuri. Nina miaka ishirini na tisa, sina nguvu ya kujaribu mara ya nne. Na wewe mwenyewe ulisema utaishikilia kliniki kwa miaka minne mpaka nirudi na digrii, zaidi ya hapo mwili hautaki. Nikikosa mwaka huu, Tolvik haina daktari wa macho, na wazee wetu watasafirishwa maili tisini kwenda kupimwa presha ya macho.

Wako,
Karna Oftedal


Tolvik, Minnesota,
14 Novemba 1993

Karna,

Hita haijatengenezwa. Fundi alisema atakuja Alhamisi, hakusema Alhamisi ipi.

Uliyesaini ni wewe. Mimi sikusaini kitu, kwa hiyo nakwambia nilichoandika, na sioni kasoro yake. Niliandika hivi: "Bi. Oftedal amefanya kazi kwangu miaka minne. Anafika kwa wakati. Hajavunja kitu. Wagonjwa hawajalalamika. Nadhani ataweza." Basi. Nilikaa nayo wiki nzima. Nilimsomea mchungaji, akatikisa kichwa, akasema niangalie nisije nikakuvimbisha kichwa. Mwaka wa pili nikawapelekea ileile, kwa kuwa hukubadilika.

Huyo mama wa ofisini anataka nini? Nipige ngoma? Marehemu baba yangu alikuwa akisema, mtu akimsifia sana ng'ombe wake, fungua mdomo wa ng'ombe utazame meno. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka arobaini nimewapima watu wa mji huu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimefanya kazi nzuri. Wanavaa miwani, wanatazama nje dirishani, wanasema, "Haya, naona." Nami nalala usingizi wangu.

Soma vizuri na acha kuhangaika. Ukija Krismasi panda basi. Usithubutu kuendesha gari mwenyewe kwenye barafu, bado tunakumbuka ulivyokuwa unajifunza kuendesha lile pikapu la Arvid Nesheim, miaka miwili bila kuhitimu. Sijawahi kuona mtu mzito wa kuendesha kama wewe.

Dk. Orrin Tveit


Minneapolis,
18 Novemba 1993

Dokta!

Hajavunja kitu? HAJAVUNJA KITU? Dokta, hivyo ndivyo mtu anavyompendekeza paka kwa jirani anayetaka paka.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, nikakaa palepale chini. Mwenzangu mmoja wa darasa la kemia, ambaye bado hajui kushika kipimo cha miwani, daktari wake ameandika kwamba tangu aanze kazi hajakutana na kijana mwenye kipaji kama yeye. Mimi nimeandikiwa kwamba wagonjwa hawajalalamika! Yaani mtu anakaa kule kwenye kiti chake, ana maombi yamejaa meza, anafungua langu anakuta "nadhani ataweza." Unafikiri anajua kwamba ulitoka jasho kuandika hiyo "ataweza"? Hakuzaliwa Tolvik. Hamjui baba yako wala ng'ombe wake. Anasoma kilichoandikwa: daktari amekaa na huyu msichana miaka minne, na bado anadhani tu.

Kizuri chajiuza kikiwa sokoni, Dokta. Mimi umenifungia stoo.

Nakupenda na nakuheshimu, lakini nakuomba kwa magoti, andika barua nyingine, bado wanapokea. Wanataka kujua kama ninaweza kuongea na mgonjwa. Kama mikono yangu imetulia. Kama najua kwa nini nataka kazi hii na si udaktari wa hospitali. Taja jambo moja tu nililolifanya. Moja! Si lazima uongo. Sema tu ukweli kwa sauti ambayo mtu wa nje anaweza kuisikia.

Karna


Tolvik,
3 Desemba 1993

Karna,

Nimejaribu. Sasa nina hasira na wewe, na hao wa shule, na kalamu.

Kwanza niliandika, "Bi. Oftedal ni bora kuliko msaidizi aliyemtangulia." Nikaona nimepanda juu sana, nikajisikia vibaya. Bernadine akanikumbusha kwamba aliyekutangulia alikuwa kaka yake, Lester, ambaye alikuwa akilala kwenye chumba cha lenzi na mara mbili tulimfungia humo bila kujua. Nikafuta.

Nikaandika, "Mikono yake ni safi." Nikaongeza, "Ana afya njema na hachagui chakula." Bernadine akaniuliza kama nauza farasi. Nikatupa karatasi kwenye jiko.

Wewe unadhani ni rahisi. Kwetu mtoto alikuwa akisifiwa mara moja tu, siku ya kipaimara, na hapo anasifiwa kwa kuwa hakuanguka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilidhani optometria ni kazi ya kupima, kumbe siku hizi ni ya kupiga debe. Nikifungua kinywa kusema uko hivi na hivi, nasikia kama nimevua shati mbele ya watu.

Lakini sijaacha. Usinipigie kelele tena. Nina njia yangu ya kupata jibu, na nitaitumia.

Dk. Orrin Tveit


Tolvik,
14 Januari 1994

Karna mwanangu,

Ni mimi Bernadine, nakuandikia hapa mezani kwangu mapokezi, Orrin yuko ndani na mgonjwa. Lazima nikusimulie, maana nikikaa na hili peke yangu nitapasuka.

Unajua njia aliyosema anayo? Ala! Anamkalisha mgonjwa, anamwekea usoni ile mashine ya lenzi, anageuza, anauliza kama siku zote, "Ipi nzuri zaidi, ya kwanza au ya pili?" Mgonjwa anajibu. Anageuza tena. "Ya tatu au ya nne?" Anajibu. Halafu, bila hata kubadili sauti, anatoa karatasi mfukoni. "Na hapa je? Ya kwanza: Bi. Oftedal ni msaidizi mzuri. Ya pili: Bi. Oftedal anaridhisha. Ipi nzuri zaidi?"

Nakwambia ukweli, Karna, amefanya hivyo tangu kabla ya Krismasi, kidevu cha mtu kiko kwenye chuma, hawezi hata kukimbia! Na watu wetu si unawajua? Wote wanachagua ya pili. Mwenye duka la mbao alifikiri sana akasema zinafanana. Dada wa mchungaji akauliza kama ipo ya chini zaidi.

Sasa wiki iliyopita akaingia Filomena Bartolucci, yule mjane wa mgodini. Mimi niko hapa mapokezi, nasikia ndani: "Zote mbovu! Hebu toa hili dude usoni kwangu!" Nikakimbia nikidhani amemwumiza. Nikamkuta Filomena amesimama, mkoba mkononi, anamnyooshea Orrin kidole: "Msichana yule anamwambia mtu ukweli, halafu anabaki amekaa naye. Wewe unasema ukweli kidogo halafu unaenda kunawa mikono. Andika hivyo!" Mungu wangu. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kumwambia vile. Orrin akakaa. Halafu akaandika, neno kwa neno, "Anamwambia mtu ukweli, halafu anabaki amekaa naye," akasaini, nikaipeleka posta mwenyewe asije akabadili mawazo.

Nasikia wamekuita kwenye usaili mwezi ujao. Nimelia kwa furaha nikamwagia kahawa kitabu cha miadi.

Na kuna jambo ameniapisha nisikwambie, nami nakwambia. Amekuja bwana mmoja mwenye maduka ya miwani. Anataka kuinunua kliniki, aifunge, awe anauza fremu siku moja kwa wiki nyuma ya duka la dawa. Kupima presha, kutazama ndani ya jicho, hakuna. Anataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili. Orrin hakukataa wala hakukubali. Magoti yanamsumbua, anapanda ngazi akishika ukuta. Kama wewe hutapata shule, hana wa kumngoja. Hajakwambia kwa sababu hataki uingie usaili na mzigo. Mimi nakwambia kwa sababu mizigo ya siri ndiyo mizito.

Vaa soksi nzito.

Bernadine Tveit


Minneapolis,
24 Februari 1994

Kwako Dokta Tveit,

Nimerudi jana kwa treni. Nimeshindwa kulala, nimeshindwa kula. Heri nikuandikie nimalize.

Walikuwa watatu mezani. Walinipokea vizuri. Waliniuliza kwa nini si udaktari wa hospitali, nikajibu vizuri, nilisema nataka kumwona mtu yuleyule kila mwaka mpaka tuzeeke wote. Wakapenda, niliona. Waliniuliza habari za lenzi, za matone ya kutanua mboni, nikajibu. Nikaanza kupumua.

Halafu mkubwa wao, mama wa makamo, akatoa barua yako. Akasoma kwa sauti, "Anamwambia mtu ukweli, halafu anabaki amekaa naye." Akavua miwani. Akasema kwa miaka yake yote hajasoma sentensi kama hiyo, na tafadhali nimpe mfano.

Dokta, mfano ninao. Ninao mmoja hasa, mkubwa, na si wangu. Ni wa mtu mwingine, na huyo mtu nilimwahidi. Nikatafuta mdogo wa kuweka mahali pake, kichwa kikawa cheupe. Nikasema, "Samahani, sikumbuki." Wakatazamana. Akauliza tena, mara hii polepole, kama unavyomwuliza mtoto. Nikasema tena sikumbuki.

Wakamalizia, "Kwa nini tukuchague wewe na si mwingine?"

Nikasema, "Labda wapo wanaofaa zaidi."

Ilitoka yenyewe! Niliisikia inatoka, nikataka kuidaka kwa mkono. Miezi minne nimekupigia kelele wewe, kumbe nami ni mtu wa Tolvik mpaka kwenye mifupa.

Wameniweka kwenye orodha ya kusubiri. Mtu akijitoa watanijulisha mwishoni mwa Aprili. Hakuna anayejitoa, Dokta. Watu hawajitoi.

Ikitokea kuna mtu amekuja kuongea nawe habari za kliniki, siulizi ni nani, usiningoje mimi. Uza, ukapumzishe magoti.

Nisamehe.

Karna


Tolvik,
2 Machi 1994

Karna,

Labda wapo wanaofaa zaidi! Nani alikuuliza habari za hao wengine? Wana mama zao wa kuwasemea! Mtu anafunga safari usiku kucha kwa treni, anakaa mbele ya watu watatu, anaulizwa swali ambalo hata mbwa wangu angelijibu, anawapigia debe wageni!

Mimi nilihangaika mpaka nikawauliza wagonjwa wangu kwenye mashine, nimekuwa kichekesho cha mji, ili nipate sentensi moja ya kukusifia. Ukaenda ukaikalia. Na huo mfano ni upi? Miaka minne ulikuwa chini ya pua yangu, ni jambo gani ulilifanya nisilolijua? Niliwauliza watu wote kanisani Jumapili, kwenye kahawa, tena kwa sauti, Bernadine akanivuta koti. Hakuna aliyejua. Arvid Nesheim alimwaga kahawa yake, lakini huyo siku hizi kila mara anamwaga.

Huwa sipigi kelele kanisani. Umenipigisha kelele kanisani.

Na umejuaje kwamba kuna mtu amekuja? Nitaongea na Bernadine. Habari za kliniki ni zangu, nitaamua mwenyewe, na sitaki kusamehe mtu ambaye hajakosa. Nina hasira sana. Kula chakula.

Dk. Orrin Tveit


Tolvik,
20 Machi 1994

Kwa wakubwa wa shule ya optometria,

Mimi ni Arvid Nesheim, mkulima, au nilikuwa. Sioni vizuri, kwa hiyo anaandika Bernadine Tveit, na nimemwambia asirembeshe. Tuko kwenye chumba cha chini cha kanisa baada ya ibada. Watu wanasikiliza. Waache wasikilize.

Dokta alipiga kelele humu ndani kwamba Karna Oftedal aliwanyima mfano. Mfano ni mimi.

Presha ya macho ilinila macho pande zote, ikaniacha na tundu dogo katikati. Kwa tundu hilo nilikuwa nasoma herufi zote za ubao, hadi mstari wa chini. Dokta akaniambia nisiendeshe tena. Nikamwambia nimesoma mstari wa chini. Akasema labda nifikirie. Nikaenda nyumbani na pikapu langu. Nilikuwa nimefikiria.

Kesho yake Karna akaja shambani. Nilidhani ameleta miwani. Akanisimamisha uani, akaniambia nitazame mbele, nimwambie nikimwona. Akaanza kutembea kutoka nyuma yangu kuja mbele, polepole, anaongea ili nijue yupo. Nilisikia sauti iko begani. Nikasikia iko shavuni. Sikumwona mpaka alipokuwa mbele ya pua yangu. Akasema, "Arvid, hapo nilipokuwa ndipo wanapotokea watoto wa shule." Nikamtukana. Nilimtukana kwa Kinorwe na kwa Kiingereza. Hakuondoka. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka nilipomaliza, na nilichukua muda.

Nikampa ufunguo. Nikamwambia kitu kimoja tu, watu wasijue. Mke wangu amekufa, shamba limekodishwa, kilichobaki ni kwamba Arvid Nesheim anakwenda mjini Ijumaa na pikapu lake. Akafikiri. Akasema, "Basi tuseme unanifundisha kuendesha."

Miaka miwili, kila Ijumaa, aliniendesha hadi dukani na kwa kinyozi. Mimi nikikaa pembeni nampigia kelele, "Breki! Polepole!" ili watu wasikie. Aliendesha vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuendesha. Mji mzima ulimcheka. Dokta ndiye aliyecheka zaidi. Kijana wa benki aliyekuwa anamchumbia alimwambia hadharani kwamba mwanamke asiyeweza kujifunza gari ana kasoro kichwani. Karna aliniangalia, nami sikusema kitu. Yeye naye hakusema.

Hata mama yake hakumwambia. Ninyi mkamwuliza mezani, mkadhani atasema ili apate kiti? Mlimpima, mkamwona amenyamaza, mkaandika hana kitu. Mnajiita walimu wa macho.

Siombi kitu. Nimechoka tu na watu wenye macho mazima. Nimesema hadharani, kwa hiyo siri imekwisha, na Bernadine analia juu ya karatasi, mkiona mabaka ni hayo.

Arvid Nesheim
(alama yake mwenyewe)


Minneapolis,
21 Aprili 1994

Dokta, Mama Bernadine, na yeyote anayesoma juu ya mabega yenu,

Mmefanya nini?

Leo asubuhi nimeitwa kwenye simu ya chini. Ni yule mama mkubwa wa usaili, mwenyewe, si katibu. Sikupata hata nafasi ya kumwamkia. Akasema, "Bi. Oftedal, nakuomba sana, watu wako waache."

Nikamwuliza waache nini. Akasema barua! Eti tangu mwisho wa Machi zinakuja kila siku. Posta wanazileta zimefungwa kwa kamba. Ilianza ya Arvid, akasema hiyo aliisoma akafunga mlango wa ofisi akakaa. Halafu zikafuata nyingine. Akanisomea kwenye simu, sauti inamtetemeka, sijui kwa kicheko au kwa hasira. "Karna Oftedal alinirekebishia fremu. Haijalegea." "Mama yangu hapendi mtu yeyote. Karna anamstahimili." "Sina la kusema juu ya Bi. Oftedal, nimeandika kwa kuwa wengine wameandika." "Mimi ni Lester. Nilikuwa na kazi yake kabla yake. Yeye halali." Na ya Filomena, kurasa kumi na moja, nusu yake ni kwa Kiitaliano!

Akasema wamekaa kikao. Mmoja wao akasema hakuna hata barua moja humo inayojua kusifia. Mwingine akamjibu, lakini mbona hawakomi? Mama mwenyewe akaniambia amedahili watu miaka na miaka, ameoza meno kwa kusoma sifa za vipaji, na hajawahi kuona mji mzima umeshika kalamu kwa ajili ya msaidizi wa kliniki. Kiti kimoja kimepatikana. Ni changu tangu jana. "Sasa waambie waache," akasema, "posta wananilalamikia."

Dokta, nimepata. Nimeandika na bado siamini, nimepata.

Arvid mwambieni nimemkasirikia na nimelia mpaka mwenye nyumba akaja kubisha hodi. Hakuwa na haja. Ningeweza kukaa na lile jambo mpaka kaburini, halikuwa zito. Lile la kijana wa benki asilifikirie, Mungu aliniepusha.

Lakini kabla sijajibu nataka ukweli, na nautaka kamili, si ule wa kwako wa "labda ufikirie." Leo ni tarehe ishirini na moja. Umeshaiuza kliniki? Kama umeuza, nitasoma hata hivyo, nitatafuta mji mwingine, na sitakulaumu, kwa kuwa nilikuambia uuze. Ila niambie. Nataka kujua kama ninaposema "nitarudi" kuna mlango wa kuufungua.

Karna


Tolvik,
25 Aprili 1994

Karna,

Yule bwana alikuja Ijumaa, kalamu tayari imefunguliwa. Barua yako ilikuwa bado njiani, kwa hiyo sikujua kama umepata au umekosa. Nikamwambia hapana. Akauliza nangoja nini. Nikamwambia namngoja mtu. Akauliza kama huyo mtu amepata shule. Nikasema sijui. Akanitazama kama mgonjwa wa akili, akafunga kalamu, akaondoka. Kwa hiyo mlango upo. Hita nayo inawaka, nilinunua mpya kwa hasira.

Nimekwenda kwa Arvid. Nilitaka kumwuliza mambo mengi ila tulikaa tu. Nilikucheka miaka miwili, Karna. Nilisimulia habari ya wewe na lile pikapu kwenye harusi mbili. Nilikuwa daktari wake, na nilimwambia afikirie, halafu nikaenda kunawa mikono. Wewe ulikwenda shambani. Ulipokuwa unarudi Jumatatu na mimi nakutania, ulikuwa unacheka na sisi. Nimeshindwa kulala nikifikiria ulivyokuwa unacheka na sisi.

Bernadine amefunga mlango wa jikoni na amesimama nyuma yangu. Anasema siruhusiwi kuondoka mezani. Chai imepoa mara mbili. Amesema kama wazee wote wa mji huu wameweza kushika kalamu, nami nitaweza, na kwamba hii haiendi shule, haina wa kumdanganya wala wa kumpendeza, ni yako tu.

Haya. Sijawahi kufanya kazi na mtu bora kuliko wewe. Ukiniuliza ni nani nataka anitazame macho yangu siku yakianza kuzimika, aniambie ukweli na abaki amekaa, ni wewe. Sina mtoto. Ningekuwa na mtoto ningeomba awe hivyo ulivyo, na nisingemwambia, na lingekuwa kosa langu. Nakupenda, na najivunia wewe mbele ya Mungu na mbele ya mke wangu ambaye sasa anapenga kamasi kwa nguvu sikioni mwangu.

Nenda kasome. Ukija nyumbani usiitaje barua hii. Nitakuwa nimeshakaa ndani ya gari kwenye kiti cha abiria, funguo zikikungoja wewe.

Orrin